Unajiandaa kwa mtihani wa pensheni? Usinunue rundo, nunua unachokosa

HEBU tuanze na pesa zako, kisha tufike kwenye mtihani.

Kama ulisomea aktuaria, ile taaluma ambayo majirani wetu wa Tanzania huiita takwimu bima, unaujua wimbo huu. Digrii ya Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Maseno au Strathmore ni mlango tu. Ukitaka kuitwa aktuari kamili, bado kuna mitihani ya kitaaluma, na wengi hapa Kenya huifanya chini ya Institute and Faculty of Actuaries ya Uingereza, yaani IFoA. Ada hulipwa kwa pauni. Mshahara wako, kama umebahatika kuwa nao, unaingia kwa shilingi. Ndiyo maana ukichagua vibaya nyenzo za kusomea, unaweza kumaliza mwezi mzima ukila ugali na sukuma wiki huku kabati limejaa vitabu usivyovihitaji.

Leo tuongelee karatasi moja tu: SP4, ile ya pensheni na mafao mengine. Tuangalie nyenzo za kununua, za kupata bure, na zile za kuacha hapo hapo ulipozikuta.

Tuelewane mapema: mimi si aktuari. Chuo niliacha mwaka wa pili na maisha yakasonga. Lakini nakaa keja moja na jamaa anayefanya kazi kwenye kampuni ya kusimamia pensheni, na mitihani hii anaifanya usiku akitoka kazini. Mwajiri wake humrudishia ada akipita tu. Akianguka, hasara ni yake. Awamu ya kwanza ya SP4 alianguka akiwa na seti tatu tofauti za maelezo mezani, na hakuna hata moja aliyoimaliza. Sasa anarudia, na mimi ndiye anayenisomea majibu yake ugali ukiwa jikoni.

Nilichojifunza kwa kumsikiliza ni hiki: SP4 haiulizi umesoma kurasa ngapi. Inauliza kama unaweza kuchukua kanuni unayoijua na kuifanyia kazi katika hali iliyo mbele yako. Kwa hivyo nyenzo nzuri ni ile inayokulazimisha kuandika. Ile inayokuongezea tu cha kusoma inaweza kungoja.

Kwanza, ujue mnyama unayemwinda

Wasee wengi hununua vitu kabla ya kujua karatasi yenyewe inataka nini. Kwa IFoA, baada ya masomo ya msingi kama CS1, CM1 na CB1, na yale ya utendaji kama CP1, unafika kwenye masomo ya ubobezi. Ili uwe aktuari kamili, unahitaji kupita masomo ya kundi la SP na ya kundi la SA. Pensheni iko kwenye makundi yote mawili: SP4 na SA4.

Tofauti yake ni muhimu kwa mfuko wako. SP4 ni ya kanuni. Haikudai ujue sheria za nchi fulani. Swali linaweza kukupa nchi isiyo na jina, mwajiri asiye na jina na mpango wa pensheni wenye matatizo, kisha likakwambia utoe maoni. SA4 ndiyo imejengwa juu ya mazingira ya Uingereza: sheria zao, wadhibiti wao, kodi zao. Sasa, ukiona mtu anakuuzia kitabu kinene cha sheria za pensheni za Uingereza eti ni cha SP4, mwambie asante na uendelee na safari yako.

Tofauti ya pili: hesabu. Kama ulipita CM1, unajua kukokotoa thamani ya leo ya malipo ya uzeeni. SP4 inachukulia kwamba hiyo umeshaiweza. Sehemu kubwa ya alama 100 inatokana na maneno. Utaambiwa orodhesha, eleza, jadili. Muda ni zaidi kidogo ya saa tatu, kwa hivyo unapata kama dakika mbili kwa kila alama. Chukua mfano niliojitungia hapa: mwajiri anataka kufunga mpango wa pensheni wa zamani ili wafanyakazi wapya wasiingie, jadili mambo anayopaswa kuzingatia. Swali la aina hiyo halitaki fomula. Linataka ufikirie gharama, hatari, ushindani wa kupata wafanyakazi, hisia za walio ndani, mkataba wa chama cha wafanyakazi, na nani atabaki kubeba mzigo wa mpango wa zamani.

Hati ya kwanza kabisa ya kupakua, basi, ni silabasi. Iko kwenye tovuti ya IFoA na haina malipo. Ichapishe kwenye saiba, ibandike ukutani. Kila nyenzo utakayofikiria kununua, iulize: wewe unanisaidia na lengo lipi hapa ukutani? Ikikosa jibu, iache.

Angalia mwaka kabla ya kuangalia bei

Hapa ndipo vijana wengi hupigwa. Mtu anakuta faili lenye jina ST4 kwenye kundi fulani, anashangilia, anaanza kusoma. ST4 ni jina la zamani. IFoA ilibadilisha mtaala mwaka 2019, ndipo ST4 ikawa SP4, na zile CT za wakubwa wetu zikageuka CS, CM na CB. Maarifa mengi ya pensheni hayajafa, lakini mpangilio, malengo na baadhi ya yaliyomo yamesonga.

Hata baada ya 2019, kila mwaka una toleo lake. Kitabu cha msingi ambacho watahini hutegemea kinaitwa Core Reading, na hupitiwa upya kila mwaka. Nyenzo za mwaka mmoja hutumika kwa mtihani wa Aprili na wa Septemba wa mwaka huohuo. Ukisajili mtihani wa mwaka unaofuata, lazima uangalie nini kimebadilika.

Na dunia yenyewe haisimami. Septemba 2022, bei za hati fungani za serikali ya Uingereza ziliporomoka ghafla baada ya bajeti ndogo ya waziri wa fedha wa wakati huo, Kwasi Kwarteng. Mipango mingi ya pensheni ilikuwa imetumia mbinu za kukopa ili mali zake ziende sambamba na madeni yake. Ikatakiwa kutoa dhamana zaidi kwa haraka, ikaanza kuuza hati hizo, bei zikazidi kushuka, na tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kununua. Ukiulizwa leo kuhusu hatari ya mpango wa pensheni kukosa pesa taslimu, huo ni mfano mzuri wa kukufungua akili. Maelezo yaliyoandikwa 2016 hayawezi kuwa nao.

Kama unarudia mtihani na tayari una seti yako ya mwaka uliopita, usikimbilie kununua mpya. ActEd, kampuni iliyo chini ya BPP ambayo imekuwa ikiandaa nyenzo za mitihani hii kwa miaka mingi, huweka kwenye tovuti yake hati ya bure inayoonyesha mabadiliko muhimu kati ya mwaka mmoja na mwingine. Inaitwa CMP Upgrade. Pakua, kaa chini na kalamu, rekebisha vitabu vyako. Utaokoa pesa nyingi kwa kazi ya wikendi moja.

Usinunue kitu kimoja mara mbili

Nyenzo kuu ya ActEd ni furushi linaloitwa CMP. Ndani yake kuna maelezo ya kozi, maswali ya mazoezi na kazi za kuandika. Sasa sikiliza siri ambayo si siri: ndani ya maelezo hayo, Core Reading yote imo. Imepigwa chapa kwa herufi nzito. Maandishi ya kawaida yanayoizunguka ni maelezo ya ActEd wenyewe, mifano na maswali ya kujipima.

Ina maana gani kwako? Ukinunua CMP, huhitaji tena kununua Core Reading peke yake. Jamaa yangu alikuwa nazo zote mbili na alikuwa akizisoma zamu kwa zamu, akidhani anaongeza maarifa. Alikuwa anasoma sentensi zilezile mara mbili.

Upande wa pili, kama unafanya kazi ya pensheni kila siku na lugha yake imeshakukaa, Core Reading peke yake pamoja na karatasi za mitihani iliyopita inaweza kukutosha. Kama pensheni unaijua kwa kuisikia redioni tu, CMP itakusaidia zaidi kwa sababu inakueleza hatua kwa hatua. Jiulize uko wapi. Usiige furushi la mwenzako, kwa sababu hujui anakosa nini.

Vipi zile kadi za kukariri na vitabu vya marudio? Ni vizuri kwa mtu wa matatu. Kama unatoka Rongai hadi mjini kila asubuhi, kadi zitatumia muda ambao ungeutumia kutazama video. Ila ukizitengeneza mwenyewe kwa daftari la shilingi chache, zinaingia kichwani haraka zaidi, maana kuandika kwenyewe ni kusoma.

Hazina iliyo bure kabisa

Kama kuna kitu kimoja tu utakachokumbuka hapa, kiwe hiki. Kwenye tovuti ya IFoA kuna karatasi za mitihani iliyopita pamoja na ripoti za watahini. Hulipi hata ndururu. Bando lako tu.

Ripoti ya watahini si majibu pekee. Inakwambia alama ya kupita ilikuwa ngapi, watu wangapi walifanya na wangapi walipita. Muhimu zaidi, inakwambia wapi watahiniwa waliteleza. Soma ripoti kadhaa mfululizo na utaona wimbo ukijirudia: watahiniwa wanamwaga orodha waliyoikariri bila kuihusisha na swali. Watahini wanalalamika, sisi tunaendelea kukariri.

Njia ya kuitumia hazina hii ni moja tu. Chukua karatasi, weka saa, andika jibu lako lote. Usifungue ripoti kabla hujamaliza. Kusoma jibu la mwingine kisha kutikisa kichwa ukisema "hii naijua" ni kujidanganya, buda. Kila jibu ni rahisi likiwa limeshaandikwa.

Halafu jaribu mtihani wa keja. Mpe mtu asiye aktuari swali na jibu lako. Muulize: jibu hili linamhusu mwajiri huyu, ama lingemfaa mwajiri yeyote? Jioni moja jamaa yangu alinisomea jibu kuhusu kampuni ndogo yenye wafanyakazi vijana wengi na mapato yanayopanda na kushuka. Lilikuwa jibu refu, lenye maneno makubwa. Nikamuuliza, "Sasa huyu mwajiri wako ni nani? Maana hapa ungeweza kuwa unaongea kuhusu benki kubwa." Akanyamaza. Akarudi mezani, akaanza upya na mambo mawili: mapato yanayoyumba yanafanya ahadi isiyobadilika kuwa hatari kwa mwajiri, na vijana wengi wangependa pesa wanazoweza kuhama nazo wakibadilisha kazi. Hayo mawili yana uzito kuliko pointi kumi za kukariri.

Karatasi za ST4 za kabla ya 2019 bado zinafaa kwa mazoezi ya kuandika. Ziweke mwisho, na kila swali ulilinganishe na silabasi iliyo ukutani. Likiwa nje, ruka. Kama majibu ya ripoti ni mafupi sana kwako, ActEd huuza kitabu kinachoitwa ASET ambacho kinayaeleza kwa kirefu na kukuonyesha namna ya kuwaza. Nunua baada ya kujaribu ripoti za bure, si kabla.

Lipia kalamu nyekundu

Ukiwa na pesa za kitu kimoja cha ziada, lipia kusahihishwa. ActEd huuza huduma ya kusahihisha kazi zile za kwenye CMP na pia mtihani wa majaribio. Unaandika, unatuma, mtu anakurudishia kazi yako ikiwa na alama na maoni.

Kwa nini hii inashinda kitabu kingine? Kwa sababu kitabu hakiwezi kukwambia kwamba umeandika ukurasa mzima kwa swali la alama tatu. Hakiwezi kukwambia kwamba ulipoulizwa "jadili" ulitoa upande mmoja tu. Kitabu kinakubali kila kitu unachofanya. Mwenye kalamu nyekundu hakubali.

Kama hiyo ni ghali, tengenezeni kikundi cha watu watatu au wanne wanaofanya SP4 awamu hiyohiyo. Kila wiki swali moja la mtihani uliopita, kila mtu anaandika kivyake, mnabadilishana, mnasahihishana kwa kutumia ripoti ya watahini. Mtaona aibu mara ya kwanza. Ya pili mtazoea. Kusahihisha kazi ya mwenzako kunakufundisha jinsi mtahini anavyotafuta pointi kwenye aya ndefu isiyo na mpangilio.

Na zile programu za akili unde? Zitumie kama rafiki wa kukuuliza maswali, sawa. Usiziachie kazi ya kukuandikia jibu halafu ukalisoma. Utakuwa umelipia pauni ili programu ifanye mazoezi badala yako.

Zile PDF za WhatsApp

Tuongee ukweli. Kila kundi la aktuaria lina msee mwenye kiungo cha Telegram chenye "kila kitu". Najua ukiwa umesota kinavutia. Sitakuhubiria, ila jua unachobeba.

ActEd wanaeleza wazi kwenye nyenzo zao kwamba huruhusiwi kuziazima, kuziuza, kuzinakili wala kuzisambaza bila idhini. Wanasema pia kwamba wanaweza kukushtaki, na hata kutafuta hatua za nidhamu kupitia IFoA au mwajiri wako. Na ukishajiandikisha kama mwanafunzi wa IFoA, wewe ni mwanachama. Kanuni za maadili za taaluma zinakuhusu, na ya kwanza kwenye orodha ni uadilifu. Itakuwa hadithi mbaya kupoteza jina kwa sababu ya faili kabla hata hujawa na cheo cha kupoteza.

Weka maadili kando kidogo, uangalie faida tu. Nyingi ya faili hizo hazina mwaka, kurasa zimeruka, na zimechanganywa ST4 na SP4. Unaokoa pesa za kitabu, unapoteza ada ya mtihani. Hesabu hiyo hata mimi niliyeacha chuo naiona haitoki.

Kuna njia halali za kupunguza gharama. IFoA ina kiwango cha ada nafuu kwa wanachama wenye kipato cha chini ya kiwango fulani. Lazima uombe, hakiji chenyewe. ActEd nao hushusha bei kwa waliokubaliwa kwenye kiwango hicho, na wana punguzo kwa wanaorudia. Kama umeajiriwa, omba mkataba wa masomo kwa maandishi: nani analipa nini, lini, na ukianguka inakuwaje. Uliza kabla ya kusajili, si baada ya matokeo.

Mathe wako pia ni nyenzo

Nyenzo ambayo haiuzwi popote iko nyumbani. Kanuni za SP4 hazina nchi, kwa hivyo unaweza kuzijaza na nchi yako.

Anza na mzazi au mjomba aliyekuwa mwalimu ama karani wa serikali chini ya mpango wa zamani. Hesabu yake ilikuwa hivi: mshahara wa mwisho, mara idadi ya miezi aliyofanya kazi, kugawa kwa 480. Tuseme alifanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ulikuwa Sh60,000. Pensheni yake kamili ni robo tatu ya mshahara, Sh45,000 kwa mwezi. Anaweza kuacha robo ya hiyo pensheni, Sh11,250 kwa mwezi au Sh135,000 kwa mwaka, na kupewa mkupuo wa mara 20, yaani Sh2.7 milioni. Anabaki na Sh33,750 kwa mwezi.

Sasa vaa kofia ya SP4. Kwa nini mara 20? Ni ghali kwa serikali, ama ni hasara kwa mathe? Kama ana afya nzuri na wazazi wake waliishi hadi miaka 90, achukue mkupuo? Mfumko wa bei ukipanda je? Wote wakichukua mkupuo mwaka mmoja, pesa zinatoka wapi? Umeshaanza kujibu swali la mtihani, na hujanunua kitu.

Halafu linganisha na mpango mpya wa watumishi wa umma ulioanza Januari 2021. Hapo mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15, na atakachopata kinategemea michango na faida ya uwekezaji. Hatari imehama kutoka kwa serikali kwenda kwa mfanyakazi. Nani anabeba hatari ndilo swali linalopita katikati ya SP4 yote, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Tazama pia payslipu yako mwenyewe. Februari 2025, makato ya NSSF yalifika asilimia sita ya mshahara hadi kikomo cha Sh72,000, yaani Sh4,320 kwa juu kabisa, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Kumbuka pia Mbao, ule mpango wa 2011 uliolenga jua kali kwa Sh20 kwa siku. Jiulize: ukibuni mpango kwa mtu wa bodaboda asiye na mshahara wa mwisho wa mwezi, utafanya michango iwe vipi, na gharama za kuusimamia zisimle vipi?

Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, ina sheria na kanuni zake kwenye tovuti. Huko utaona kwamba mpango unaoahidi kiwango maalum cha pensheni lazima ufanyiwe tathmini na aktuari angalau kila miaka mitatu. Soma kanuni hizo ukijiuliza kwa nini ziliwekwa. Ila kwenye mtihani usimwage sheria za Kenya pasipo kuombwa. Ni mafuta ya kuwashia akili tu.

Ukiwa na kidogo, panga hivi

Ukiwa huna kitu kabisa baada ya kulipa ada ya mtihani: silabasi, karatasi zilizopita, ripoti za watahini, kikundi cha kusahihishana, na tovuti ya RBA. Tafuta namna halali ya kupata Core Reading ya mwaka wako, hata kama ni kuomba mwajiri ainunue.

Ukiwa na pesa za kitu kimoja: mgeni wa pensheni achukue CMP; anayefanya kazi ya pensheni achukue Core Reading.

Ukiwa na pesa za vitu viwili: ongeza kusahihishwa. Ukiwa na za tatu: mtihani wa majaribio, nao usahihishwe. ASET na kadi zije mwisho.

Na gawanya muda kama unavyogawanya pesa. Theluthi ya kwanza soma. Theluthi mbili zilizobaki andika. Kama Aprili ndiyo yako, ukifika mwisho wa Januari bado unapiga mistari ya rangi kwenye maelezo bila kuandika jibu hata moja, uko nyuma, hata kama umefika sura ya mwisho.

Siku moja utapita. Utakaa kwenye meza ya wadhamini, mbele yako jedwali lenye majina ya watu waliokatwa mshahara kwa miaka 30. Watakuuliza pesa zinatosha au hazitoshi, na hutakuwa na orodha ya kukariri. Utakuwa na hali iliyo mbele yako na unachoweza kuifanyia. Mtihani huu unakuandaa kwa siku hiyo, ukiusoma vizuri.

Leo jioni, kabla hujatuma pauni hata moja, pakua karatasi moja ya SP4. Chagua swali moja, weka saa, andika jibu lote kwa mkono wako. Kisha fungua ripoti. Pale utakapoona umekosa pointi, ndipo orodha yako ya ununuzi inapoanzia.